Sayansi ya Mwaka wa Kwanza: Somo Linalobaki Baada ya Mtihani

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu macho, masikio na moyo ili atambue. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, kila unapoanza mwaka wa vyuo wazazi wengi wa miji yetu hurudia suala moja. Kijana amekwenda kusomea uuguzi, au ualimu, au kilimo. Mwaka wa kwanza hupewa misingi ya baiolojia, kemia na fizikia, na katika vyuo vingine hata asomaye biashara huwekewa somo moja la sayansi. Mzazi husema: "Karo ni nzito, na mambo haya mwanangu atayasahau kabla hajaota mvi. Yana faida gani?"

Suala hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kumkemea muulizaji. Jawabu yetu ni hii. Kweli, mengi atayasahau. Walakini somo hilo likifundishwa kama lipasavyo, humwachia kitu kisichosahauliwa, nacho ni namna ya kufikiri na namna ya kujifunza peke yake umri wake wote. Likifundishwa vibaya, mzazi ana haki ya kulalamika, kwani amelipia nazi akapewa kifuu.

Katika darasa hii tutaeleza kiini hicho ni kipi, kwa mfano wa mahali palipo mbali na bahari yetu. Kisha tutaurudisha mfano huo nyumbani kwetu pwani, mahali unapotuuma.

KIFUU NA NAZI

Somo la kifuu twalijua sote. Mwalimu husoma, wanafunzi huandika, na siku ya mtihani mwanafunzi humrudishia mwalimu maneno yake kama mtu arudishaye sufuria ya kuazima. Akiisha kuirudisha, jikoni kwake hapana kitu. Anaweza kutaja majina ya sehemu zote za mbu, na akirudi nyumbani asiulize kwa nini nyuma ya nyumba yao pana mbu wengi kuliko kwa jirani.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Marekani walikusanya tafiti 225 juu ya masomo ya sayansi na hisabati vyuoni. Waliyalinganisha madarasa ambayo mwanafunzi hukaa akasikiliza tu, na yale ambayo huulizwa, hujadiliana na wenziwe na hufanya kazi kwa mikono yake. Katika madarasa ya kusikiliza tu walianguka kiasi cha wanafunzi 34 katika kila 100. Katika yale mengine walianguka 22. Tofauti hiyo ya watu kumi na wawili si ndogo kwa mzazi aliyeuza shamba kulipa karo.

Hata hapa Kenya jambo hili limetambuliwa. Mwaka 1998 serikali, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mpango wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa skuli za sekondari, ili wapunguze kunena peke yao na wazidishe tajriba, hata kwa vyombo vilivyookotwa nyumbani. Na katika mtaala mpya ulioanza kuenea nchi nzima mwaka 2019, miongoni mwa mambo saba makuu anayotakiwa mtoto kuyapata yamo kufikiri kwa kupambanua, na kujifunza namna ya kujifunza. Basi neno limekwisha kuandikwa. Iliyobaki ni kulitenda.

MFANO WA PAP ONDITI

Pap Onditi ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Nyakach, kusini-mashariki mwa Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Kisumu. Pap kwa Kijaluo ni uwanja. Si mbali na Kendu Bay, ambako ndugu zetu Waislamu wana misikiti yao tangu zamani. Chini ni tambarare ya ziwa. Juu yake ni uwanda wa Nyabondo, ambako watu huchimba udongo wa kufyatulia matofali. Mashimo yakiachwa hujaa maji ya mvua. Na nchi hiyo, kama nyingi za kando ya ziwa, ina homa ya malaria.

Tumfikirie kijana wa Pap Onditi aingiaye mwaka wa kwanza, mathalan katika Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho katika kaunti yake mwenyewe. Mwalimu mwema hataanza kwa kumwandikisha tafsiri za maneno. Atamwambia: "Kwenu kuna homa. Yatoka wapi, na utajuaje?" Katika suala hilo moja zimo sifa tano ambazo somo la mwanzo la sayansi linapaswa kuzipanda.

Sifa ya kwanza ni kutazama kabla ya kusema. Kijana atachukua upawa wa kuchotea, aende kwenye mashimo ya matofali, achote maji kutoka kila shimo idadi ile ile ya mara, na ahesabu viluwiluwi vya mbu. Atavitazama vilivyokaa. Viluwiluwi vya Anofelesi, mbu aletaye malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Vile vya Kuleksi huning'inia vichwa chini. Haimhitaji mtambo wa fedha nyingi. Ahitaji jicho lenye subira na daftari. Ataandika alichokiona, siku alipokiona, na mahali, wala asiandike alichotarajia kukiona.

Sifa ya pili ni kupambanua vitu viwili vifuatanavyo na vitu viwili vizaanavyo. Kwa muda mrefu watu wa nchi nyingi wameamini kwamba homa huletwa na kunyeshewa mvua. Hata neno malaria lenyewe latoka lugha ya Kitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Waliosema hivyo hawakuwa wapumbavu. Waliona mvua na homa zikifuatana kila mwaka, wakahukumu kwamba moja ndiyo mama wa nyingine. Kilichowapita ni cha katikati: mvua hujaza shimo, shimo huzaa mbu, mbu hubeba kijidudu cha homa. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, ndiye aliyekiona kijidudu hicho ndani ya mwili wa mbu, na kiungo kilichokosekana kikapatikana. Mtu akiisha kuifahamu tofauti hii katika malaria, ataitumia katika bei ya sokoni, katika uvumi wa siasa, na katika kila tangazo la dawa linalosema: "Fulani aliinywa akapona."

Sifa ya tatu ni kulinganisha kwa uadilifu. Katika milima ya Kisii, ambayo haiko mbali na nchi ya Nyakach, watafiti walichukua mabwawa ya samaki yaliyokuwa yameachwa. Katika mengine walitia ngege, yule samaki wa ziwani aliwaye kila siku Kisumu. Na bwawa moja waliliacha vivi hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya 94 katika 100 palipotiwa samaki. Lau hawangeliacha lile bwawa moja, mshindani angaliweza kusema kwamba mbu wamepungua kwa sababu ya majira. Bwawa lililoachwa ndilo shahidi.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa vyandarua, katika nchi za Asembo na Gem, ng'ambo ya pili ya ghuba. Hapo, tangu mwisho wa mwaka 1996 na mwaka 1997, vijiji 221 vilipigiwa kura hadharani: nusu vikapewa vyandarua vilivyotiwa dawa mara moja, na nusu vikangoja zamu yao, nao walipewa baadaye. Kwa nini kura? Lau wangaliwapa wenye kuvitaka tu, wangalivipata wenye fedha na wenye kujali watoto wao zaidi. Na watoto wa watu hao pengine wangaliishi hata bila ya chandarua. Kura haina rafiki wala jamaa. Hesabu ilipofungwa, vifo vya watoto wadogo vilikuwa vimepungua kwa kiasi cha 16 katika kila 100. Tena ilionekana kwamba hata wasio na vyandarua, wakikaa kiasi cha mita 300 karibu na wenye navyo, walipata hifadhi. Hapo sayansi imeithibitisha kwa hesabu haki ya jirani ambayo sisi twaijua kwa dini.

Sifa ya nne ni kuujua mpaka wa dalili. Mwanafunzi aliyesoma khabari ya ngege akakimbilia kusema, "Samaki watamaliza malaria Afrika nzima," hajasoma. Mabwawa yale yalikuwa machache, na watafiti wenyewe walisema kwamba matokeo yao ni ya mwanzo. Mbu huzaa pia katika kidimbwi kilichoachwa na ukwato wa ng'ombe, na humo ngege haingii. Basi kauli sahihi ni hii: samaki wafaa katika bwawa lidumulo, na penginepo yatakiwa njia nyingine. Kuisema kweli kwa kipimo chake, bila ya kuipunguza wala kuinyoosha, ni adabu ngumu kuliko kuhifadhi majina mia.

Sifa ya tano ni kujifunza peke yako baada ya mwalimu kuondoka. Aliyetoka chuoni Kenya mwaka 1995 alifundishwa kwamba dawa ya malaria ni klorokwini. Kijidudu kikaizoea. Mwaka 1998 serikali ikaiacha ikaweka dawa nyingine. Nayo mwaka 2004 ikaamuliwa iachwe, ikachaguliwa dawa ya mseto itokanayo na mmea wa artemisia. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 ikaanza kutolewa Kenya chanjo ya malaria kwa watoto, na uzinduzi wake ulifanywa Homa Bay, kando ya ziwa lile lile. Katika miaka 24 jawabu la suala moja limegeuka mara kadhaa. Aliyebeba jawabu la mwaka 1995 peke yake amebeba dawa isiyoponya. Aliyebeba njia ya kutafuta jawabu yuko sawa na aliyehitimu jana.

JE, NJIA HII YAIDHURU DINI?

Baadhi ya wazee wetu huogopa kwamba kijana akizoezwa kudai dalili katika kila jambo, kesho ataidai katika sala na saumu. Khofu hii yataka jawabu la upole na la wazi.

Kwanza, kudai dalili si ugeni kwetu. Wanazuoni wa Hadithi hawakupokea khabari kwa kuwa ni tamu au kwa kuwa imeenea. Waliuliza: nani kaisimulia, kaipokea kwa nani, je, walikutana, na hifadhi yake ilikuwaje? Mtu mwema mwenye kusahau, khabari yake walitenga. Ukali huo ulikuwapo kabla ya vyuo vya Ulaya kujengwa. Nao wakubwa wa ilimu walilihisabu neno "sijui" kuwa nusu ya ilimu. Imamu Malik aliulizwa masuala mengi, na mengi katika hayo aliyajibu kwa neno hilo hilo, bila ya kuona haya.

Pili, wakubwa wa sayansi katika umma wetu walikwenda njia hii hii. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kufa Misri kiasi cha mwaka 1040, aliwakuta watu wakiamini kwamba jicho hutoa miale ikavigusa vitu. Alitumia hoja na tajriba za mwanga, mpaka akaonyesha kwamba mwanga ndio utokao kwenye vitu ukaingia jichoni. Naye aliandika kitabu kizima cha kuonyesha mashaka yake juu ya Ptolemy, ambaye wakati ule aliheshimiwa kote. Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, alimkhalifu Galen na hata Ibn Sina, akasema kwamba damu haipenyi katika ukuta wa moyo, ila hupita mapafuni. Hakuwatukana waliomtangulia; aliwasoma vizuri, kisha akafuata dalili.

Tatu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotoa rai yake juu ya kupandikiza mitende kisha mavuno yakapungua, aliwaachia watu wa Madina mambo ya dunia yao ambayo wao wameyazoea. Katika kisa hicho pana mpaka ulio wazi. Ibada hupokewa kwa wahyi. Mtende, mbu na dawa huangaliwa kwa tajriba. Mwenye kuuchunga mpaka huo hataipima sala kwa mizani ya dukani, wala hataipima dawa kwa ndoto. Taklidi tunayoilaumu ni kumfuata mtu pasipo dalili pale ambapo dalili yapatikana, na haina udhuru msikitini wala maabarani.

JAMBO HILI HUKU KWETU

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi asiseme: "Hayo ni ya watu wa ziwani." Huku kwetu kuna degedege. Mtoto huwa na homa kali, mara macho yakageuka, viungo vikakakamaa na kutetemeka. Kwa muda mrefu watu wa pwani wamelisingizia dege, au nyuni, kwamba ni shetani mwenye sura ya ndege apitaye juu ya mtoto. Likazuka na neno la pili, la hatari kuliko la kwanza: kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa. Basi mama humkimbiza kwa mganga, akafukizwa, akafungwa hirizi, na saa zikapita.

Mara nyingi degedege la namna hii ni malaria iliyozidi, na ikifika kwenye ubongo kila saa ina thamani ya roho. Mtoto huyo ataka hospitali saa ile ile. Itazame sasa ile imani ya sindano kwa sifa ya pili tuliyoisoma. Watoto waliopelekwa sindanoni walikuwa wamekawia kwa mganga, wakafika wamekwisha kuzidiwa. Wengine walikufa. Watu wakaona sindano na kifo vikifuatana, wakaihukumu sindano. Na cha katikati, nacho ni kukawia, hawakukiona. Kosa la fikira, ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kulitambua kwa nusu saa, limezika watoto wa Kiislamu.

Hatusemi mzazi asimwombee mtoto wake. Amwombee njiani akienda hospitali, na amsomee akiwa kitandani. Dua haijapata kuikataza dawa, na Mtume wetu mwenyewe ameamrisha tujitibu.

Hii ndiyo faida ya somo lile la mwaka wa kwanza. Binti aliyelisoma vizuri, hata akiisha kuwa karani wa benki, siku moja saa nane ya usiku atakuwa ndiye mtu pekee nyumbani asemaye: "Tusingoje." Kwa hiyo wanaosema kwamba sayansi ni ya wavulana na mabinti yawatosha kusoma kidogo, nao wafikiri upya, kwani mikononi mwa nani huwekwa mtoto mgonjwa?

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema. Taasisi ya Ilimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyokuwa ikijulikana kwa jina la MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ilimu ya ufundi. Chuo hicho kimegeuka mara nyingi, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majengo tunayo. Yatupasa tuulize tunapeleka humo vijana wa namna gani, na wanatoka na nini.

NASAHA

Kwa mwanafunzi: usitoke darasani na jawabu bila ya suala. Kila jioni andika jambo moja ulilofundishwa, na chini yake uandike: "Walijuaje?" Usipoweza kujibu, mwulize mwalimu kwa adabu. Kisha mweleze somo ndugu yako mdogo kwa Kiswahili. Pale ulimi unapokwama ndipo hujafahamu.

Kwa mzazi: mtoto akirudi likizo, usimwulize nambari yake peke yake. Mwulize: "Ni jambo gani ulilokuwa ukiliamini, na sasa umeliacha, na kwa dalili gani?"

Kwa mwalimu wa madrasa: usimkasirikie mtoto aulizaye "kwa nini." Kama jawabu unalo, mpe, kama huna, mwambie "sijui, tutafute." Hapo umemfundisha kwa neno moja adabu ya Imamu Malik na adabu ya maabara.

MASUALI YA DARASA IJAYO

1. Eleza tofauti ya vitu vifuatanavyo na vitu vizaanavyo, kwa mfano wa mtaani kwako usiokuwa wa malaria.

2. Kwa nini watafiti wa Kisii waliliacha bwawa moja bila ya samaki?

3. Vijiji vya Asembo na Gem vilipigiwa kura. Lau vyandarua vingaliuzwa badala ya kupigiwa kura, hesabu ya mwisho ingaliharibika kwa njia gani?

4. Ni kipi kilichofanana baina ya kazi ya mwanazuoni wa Hadithi na kazi ya mtafiti, na ni kipi kilichokhitilafiana?

5. Chukua upawa na daftari. Tazama maji yaliyosimama karibu na nyumba yako kwa siku saba, uandike ulichokiona. Majibu ya suala hili ndiyo tutakayoanza nayo.

Wabillahi tawfiq.